Rubani wa Pili Asinyamaze

Hotuba iliyosomwa na wanakamati wa tawi la marubani mbele ya vijana walio mafunzoni na wanachama wa matawi mengine



Tumeombwa tuseme juu ya taratibu za kazi katika chumba cha marubani, na jinsi watu wawili wanavyoweza kufanya kazi moja bila kugongana. Twafurahi kuona kwamba waliokuja leo si marubani peke yao. Wamo mafundi wa injini, wamo wapakiaji wa mizigo, na pale nyuma twawaona wawili watatu kutoka bandarini, ambao tumeambiwa wamekuja kwa sababu ya chai. Karibuni nyote. Jambo hili lamhusu kila mfanya kazi aliye na mkubwa juu yake na aliye na macho yake mwenyewe.

Tuanze hapa nyumbani, kwa maana watu wengi hudhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974 ndege kubwa ya Lufthansa, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikiondoka kiwanja cha Embakasi kwenda Johannesburg. Ndani yake walikuwamo watu 157. Mabawa ya ndege ile yana vipande upande wa mbele ambavyo hutokezwa wakati wa kuruka, ili bawa lipate kubeba vizuri kasi ikiwa bado ndogo. Vipande hivyo husukumwa kwa hewa yenye nguvu itokayo katika injini, na hewa hiyo hupita katika vali. Asubuhi ile mtambo wa hewa hiyo haukuwa umefunguliwa. Vipande vikabaki vimefungwa. Ndege ikainuka kidogo, ikatetemeka, ikakosa nguvu ya kupanda, ikarudi chini mbele ya mwisho wa njia ya kurukia, ikashika moto. Watu 59 wakafa na 98 wakaokoka. Ndiyo 747 ya kwanza duniani kuanguka na kuua watu, nayo ilianguka hapa kwetu.

Wachunguzi walipomaliza kazi yao walisema mambo mawili ambayo twataka myashike pamoja, wala msichukue moja mkaacha jingine. Walisema kwamba watu wa chumba cha mbele hawakuikamilisha orodha yao ya ukaguzi kama ipasavyo. Tena walisema kwamba ndege yenyewe haikuwa na onyo la kutosha la kumwambia rubani, kabla hajaanza kukimbia, kwamba vipande vile vimefungwa. Baada ya ajali ile mitambo ya onyo iliongezwa. Basi mtu akikuambia kwamba ajali ni kosa la mfanya kazi tu, mkumbushe Embakasi. Na mfanya kazi akikuambia kwamba orodha ni makaratasi tu ya kumpendeza mkubwa, mkumbushe Embakasi vile vile.

Hiyo orodha ilitoka wapi? Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Dayton katika Marekani, jeshi lilikuwa likijaribu ndege mpya ya Boeing yenye injini nne. Ndege ile ilikuwa na kifungo cha kuzuia vipande vya mkia visipigwe na upepo ikiwa imeegeshwa. Marubani wakasahau kukifungua. Ndege ikapanda kwa ukali, ikasimama hewani, ikaanguka ikaungua, na marubani wawili wakafa kwa ajali ile. Hawakuwa wanafunzi. Walikuwa marubani wa majaribio, watu wa kuheshimiwa katika kazi hiyo. Wenzao waliobaki hawakusema watafute marubani hodari zaidi, kwa maana hodari kuliko wale wangewapata wapi? Waliandika kwenye kadi mambo ya kufanya kabla ya kuwasha, kabla ya kuruka na kabla ya kutua. Ndege ile ikaja kuitwa B-17, na zaidi ya 12,000 zilijengwa.

Twasema hayo kwa sababu wengi wenu mwaiona kadi kama tusi. Mwajisemea moyoni: sisi si watoto, tumeisoma ndege hii usiku na mchana. Ni kweli mmeisoma. Lakini kichwa cha mtu aliyeamka saa tisa ya usiku, ambaye ameulizwa mambo matatu na mtu wa mafuta huku mnara wamwita, si kichwa kile kile kilichofaulu mtihani.

Sasa juu ya watu wenyewe. Zamani ndege kubwa ilikuwa na watu watatu mbele: kapteni, rubani wa pili, na injinia wa ndege. Injinia ameondolewa, na kazi yake imegawanywa kati ya mashine na ninyi. Vyama vya wafanya kazi katika nchi nyingi vilipigania nafasi ile vikashindwa, nasi hatutalilia jambo hilo leo. Walakini jueni kwamba jozi moja ya macho imetoka, na ninyi mliobaki ndio mnaotakiwa kuijaza.

Taratibu zasema hivi. Kati ya wawili, mmoja ni mwendeshaji na mwingine ni mwangalizi. Huku si sawa na kusema kapteni na rubani wa pili. Safari ya kwenda kapteni aweza kuendesha, na safari ya kurudi akawa mwangalizi wako. Ukapteni haubadiliki, kazi ndiyo hubadilika. Mwendeshaji ashughulika na njia ya ndege, wala hafanyi jambo la kumtoa macho huko. Mwangalizi azungumza na mnara, asoma orodha, atazama vipimo, na juu ya yote amtazama mwendeshaji. Hapo ndipo vijana wengi hukosa. Mwangalizi si abiria aliyepewa kiti cha mbele. Akiona kasi imepungua, au ndege imeteremka chini ya kimo kilichopangwa, ni wajibu wake kusema, hata kama anayeendesha ni kapteni mwenye nywele nyeupe.

Kukabidhiana usukani hufanywa kwa mdomo. Anayetoa atamka, na anayepokea ajibu kwamba amepokea. Msitoane usukani kwa kukonyezana. Ndege zimewahi kuruka kwa muda huku kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeendesha.

Na orodha husomwa hivi: mmoja asoma, mwingine atazama kwa macho, agusa ikibidi, ndipo ajibu. Wapo vijana wanaojibu kama waitikiaji kanisani. Sala haijaisha, amina imekwisha toka. Jibu la namna hiyo ni baya kuliko kutosoma orodha kabisa, kwa sababu lamtuliza mwenzako juu ya jambo ambalo halikutazamwa. Kukitokea mtu wa kukatiza, tuseme fundi amegonga mlango na karatasi za kutiwa sahihi, orodha isimamishwe. Mkishindwa kukumbuka mlipofika, anzeni tena mwanzo. Mafundi, hapo twawaomba msamaha mapema, mtangoja kidogo.

Wakati ndege yakimbia kwa kuruka, mwangalizi ataja kasi. Ikitajwa ile tunayoiita V1, mkono wa kapteni waondoka katika vishikio vya injini, kwa maana toka hapo ndege yaruka hata injini moja ikifa, na kusimama kwaweza kuwa hatari kuliko kuendelea. Ikiinuka, magurudumu hayakunjwi mpaka mwangalizi amesema kwamba kipimo chaonyesha ndege yapanda kweli. Maneno yote haya ni machache, nayo ni yale yale kila siku. Vijana hutuuliza: mbona tuwe kama kasuku? Ni kwa sababu huyo unayeruka naye leo huenda hamkujuana jana. Karatasi ya zamu imewakutanisha saa kumi na moja alfajiri, na kabla jua halijapanda mmebeba watu mia na hamsini. Hamna muda wa kuzoeana. Mnachokijua wote wawili ni taratibu ile iliyoandikwa, basi. Siku mwenzako akitamka neno lisilo lake, au akinyamaza mahali pa neno, utajua mara moja kwamba kuna jambo.

Iko pia kanuni ya ukimya. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege ya Marekani ilianguka karibu na Charlotte, katika ukungu, na watu 72 wakafa. Kinasa sauti kilionyesha kwamba marubani walikuwa wakipiga soga juu ya siasa na magari makuukuu huku wakishuka. Toka 1981 sheria ya Marekani yakataza mazungumzo yasiyo ya kazi wakati wa kuondoka na kushuka, chini ya futi 10,000, na nchi nyingi zimefuata. Habari za shamba la kapteni zitangoja juu huko, mkiwa mmetulia.

Twafika sasa kwenye jambo lenyewe lililotuleta.

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili za 747, moja ya KLM na moja ya Pan American, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife. Walikufa watu 583, na mpaka leo hakuna ajali ya ndege za abiria iliyoua watu wengi kuliko hiyo. Zote mbili hazikuwa za kiwanja kile. Zilipelekwa pale kwa sababu bomu lililipuka katika kiwanja zilichokuwa zikienda. Ukungu ulishuka. Kapteni wa KLM alikuwa mkubwa wa mafunzo ya marubani wa 747 katika kampuni yake. Tena saa zake za kazi zilizoruhusiwa na sheria zilikuwa zikikaribia kwisha, nanyi wote mwajua jinsi mtu anavyokuwa akiona zamu yamtoroka. Alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, rubani wa pili alimwambia kwamba ruhusa bado, naye akaacha. Akaanza mara ya pili, ruhusa ya kuruka ikiwa haijatolewa bado. Safari hiyo rubani wa pili hakumzuia. Injinia wa ndege, aliyekuwa akisikiliza redio, aliuliza kama ile ndege ya Pan American haijatoka njiani. Kapteni akajibu kwa nguvu kwamba imetoka. Injinia hakuuliza tena.

Wanafunzi wakisoma habari hii husema kapteni yule alikuwa mkaidi. Sisi twatazama watu wale wawili wengine. Mmoja wao aliona, akasema mara moja. Mwingine aliona, akauliza kwa adabu. Wangefanya nini zaidi mbele ya mwalimu wa walimu? Baada ya Tenerife mambo mengi yalibadilishwa, hata lile neno la Kiingereza la kuruka sasa halitamkwi katika redio ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United aina ya DC-8 ilizunguka karibu na Portland, Oregon, kwa muda wa kama saa nzima, kapteni akishughulika na gurudumu lenye mashaka. Rubani wa pili na injinia walitaja habari ya mafuta. Waliitaja kama mtu anayetaja mvua. Mafuta yakaisha, injini zikazima moja baada ya nyingine, ndege ikaangukia msitu wa mji. Kati ya watu 189 walikufa 10. Wachunguzi wa serikali ya Marekani wakataka makapteni wafundishwe kusikiliza, na wadogo wao wafundishwe kusema kwa nguvu. Toka 1981 United ikaanza mafunzo hayo, nayo ndiyo mnayofundishwa leo kwa jina la ushirikiano wa chumba cha marubani. Tarehe 19 Julai 1989 DC-10 ya kampuni hiyo hiyo ilipasuka injini ya mkia, ikapoteza mafuta yote ya kusukuma vipande vya mabawa na mkia. Hakuna kadi iliyoandikwa kwa jambo kama hilo. Kapteni Al Haynes alipokea msaada wa kila mtu, hata mwalimu wa marubani aliyekuwa ameketi na abiria akaitwa mbele ashike vishikio vya injini. Waliifikisha ndege mpaka kiwanja cha Sioux City, na kati ya watu 296 waliokoka 184.

Ndugu zetu, twajua pia kwamba hatuwezi kutaja miji ya mbali tukanyamaza juu ya Douala. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007 ndege ya Kenya Airways, Boeing 737-800, iliondoka Douala katika Kameruni kuja Nairobi, baada ya kungoja mvua kubwa ipungue. Walikuwamo watu 114 na hakuna aliyeokoka. Wengine wao tulikula nao katika ukumbi mmoja. Hatusemi kwa kuwalaumu, wao hawawezi tena kujieleza. Twasema yale yaliyoandikwa na serikali ya Kameruni katika 2010. Ndege iliruka bila ruhusa ya mnara. Ilikuwa na tabia ndogo ya kulalia upande wa kulia. Kapteni alitamka neno la kutaka otopailoti ishike, lakini otopailoti haikushika, na hakuna aliyejibu wala kuhakikisha. Kwa karibu dakika moja ndege ililala polepole, nje kukiwa na giza tupu lisilo na taa ya kumwonyesha mtu juu ni wapi, na vipimo havikutazamwa. Onyo lilipolia, mikono ilikwisha changanyikiwa. Ripoti yataja ukosefu wa ushirikiano kati ya wale wawili, na kutofuata taratibu za uangalizi. Kapteni alikuwa mtu wa miaka 52. Rubani wa pili alikuwa na miaka 23.

Tazameni ninyi wenyewe mna miaka mingapi.

Sisi tulilelewa vizuri. Tuliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kijana hamkatizi mzee akisema. Ni malezi mema, nasi hatutaki myatupe mkifika nyumbani. Lakini mle mbele yupo mzee ambaye maisha yake yategemea kukatizwa na kijana. Hapa tutatoboa jambo la kwetu. Mmoja wetu, naye ameketi mezani hapa, alipokuwa kijana aliruka na kapteni mmoja mkali. Walishuka katika mvua, kasi ikiwa kubwa mno na ndege ikiwa juu ya njia yake. Taratibu zasema kwamba ikifika futi 1,000 juu ya ardhi, katika mawingu, ndege iwe imekwisha tulia kwa kasi, mwelekeo na magurudumu. Ikiwa sivyo, paa tena ukazunguke. Kijana alisema mara moja, kwa sauti ya mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Kapteni akajibu, "Naona." Kijana akanyamaza. Walitua mbali sana na mwanzo wa njia, wakasimama karibu na majani. Ripoti ya kijana yule ilisema: mtulivu, mwenye adabu, afaa kuendelea. Mwenzake wa darasa moja, katika hali karibu na hiyo, alitamka mara mbili kwamba wapae tena, na wakapaa. Ripoti yake ilisema mbishi. Alikaa majuma sita bila kuwekwa katika zamu.

Hilo ndilo linalotuuma. Kijitabu chasema sema, na ripoti yasema nyamaza. Bandarini, akishusha mzigo kwa winchi, mtu humtii mtoa ishara mmoja tu, lakini ishara ya kusimamisha aweza kuitoa yeyote, hata mfagiaji, na winchi ikasimama. Hakuna anayemwandikia mfagiaji kuwa ni mbishi. Kamati yetu imekwisha mwandikia tajiri barua. Twataka iandikwe katika mapatano kwamba rubani ye yote akitaka kupaa tena, ndege ipae na maneno yaje baadaye ardhini, na kwamba mtu asipunguziwe zamu wala alama kwa neno hilo. Tena twataka ripoti ya mwanafunzi isitegemee sahihi ya kapteni mmoja. Jibu halijaja. Likija litasomwa katika mkutano.

Lakini hata kabla ya jibu mtaruka. Basi shikeni njia hii. Kwanza mwite kwa cheo chake, Kapteni, ili ajue kwamba si soga. Kisha taja unachokiona kwa namba: kasi imezidi kwa kumi na tano. Kisha sema la kufanya: tupae tena. Asipojibu, rudia kwa sauti kubwa zaidi. Asipojibu mara ya pili, mhesabu kwamba ameugua pale kitini, nawe sema kwamba unashika usukani, na uushike. Usiseme "pengine" wala "sijui kama." Usimung'unye. Nasi makapteni, tukiambiwa hivyo, tujibu "Ahsante" na kurekebisha, hata kama kijana amekosea. Akikosea, mfundisheni ardhini, polepole, wala si mbele ya watu wa huduma.

Na ikiwa taratibu yenyewe ina kasoro, msiitengeneze peke yenu angani kila mtu na yake. Iandikeni, muilete katika afisi ya chama pamoja na tarehe na namba ya safari, nasi tutaipeleka. Kadi ya kwanza iliandikwa na marubani, wala haikuandikwa na tajiri.

Jumamosi ijayo saa nane mchana tutaweka viti viwili katika chumba cha nyuma cha afisi, na mbele yake ile picha ya vipimo iliyobandikwa kwenye kadibodi. Kila kijana aje na kadi yake. Tutasoma orodha ya kabla ya kuruka mara kumi, na mara mojawapo anayesoma ataruka mstari makusudi, tuone nani atamkatiza. Wazee watatu wameahidi kukaa kiti cha kapteni na kuwa wakali. Mafundi na ndugu wa bandarini mkipenda kuja kutazama, njoni, na chai itakuwapo.